Kuikondesha Linux: MB 4 zinatosha kwa kazi ipi?

Mwaka 2012 Dmitry Grinberg alichukua maikrokontrola ya biti 8, ATmega1284p, akaiendeshea Linux, mfumo endeshi wa kompyuta. Chipu hiyo haiwezi kuendesha Linux yenyewe, kwa hiyo aliandika programu inayoiga prosesa ya ARM, akaunganisha kipande cha RAM cha MB 16 cha aina ya kompyuta za zamani, na kadi ya SD ikawa diski. Kufika tu kwenye mstari wa kuandikia amri kulichukua kama saa 2. Ubuntu nzima, yaani Linux kamili ya kompyuta, kuwaka, saa 4 nyingine.

Kazi hiyo naiheshimu sana. Inaonyesha kwamba Linux inaingia karibu popote ukiwa na akili na subira. Lakini mimi ninayeletewa ruta kuukuu na mwenye steshenari, akisubiri nimwambie kama itafaa au aitupe, nina swali jingine. Hiyo Linux ikishaingia, itafanya kazi gani, na mwakani nitaitengenezaje?

Mfano ninaoujua kwa mikono yangu ni wa ruta tunazoziita 4/32: flashi (hifadhi ya kudumu) MB 4, RAM MB 32. TP-Link TL-WR841N za matoleo ya kati ziko humo, na TL-MR3020 ya kwanza, ile ndogo yenye tundu la USB kwa ajili ya modemu ya 3G. Bado zimejaa madukani, mashuleni na kwenye makabati ya watu. Kwa miaka mingi OpenWrt, mfumo wa Linux wa ruta ulioanza mwaka 2004 baada ya kampuni ya Linksys kutoa msimbo wa Linux iliyokuwa ndani ya ruta yake ya WRT54G, ulizifaa vizuri. Kisha toleo la 21.02, lililotoka Septemba 2021, likapandisha kiwango cha chini hadi flashi MB 8 na RAM MB 64. Toleo la 19.07 ndilo lililokuwa la mwisho kuzibeba 4/32, nalo liliacha kuhudumiwa mwaka 2022. Tangu hapo anayetaka Linux mpya kwenye visanduku hivi anaikata mwenyewe.

Tuangalie hesabu ilivyo. Flashi ya TL-WR841N ni kilobaiti 4096. Ondoa 128 za programu ya kuamshia ruta. Ondoa 64 za vipimo vya redio, ambazo hupaswi kuzigusa kabisa, maana ukizifuta Wi-Fi inapoteza vipimo ilivyopewa kiwandani. Zinabaki kilobaiti 3904 za kila kitu: kerneli (kiini cha Linux), dreva za Wi-Fi, fayawoli, ukurasa wa kusimamia, pamoja na mahali pa kuhifadhi mipangilio ya mteja. Kerneli peke yake, ikiwa imebanwa sawasawa, hula zaidi ya MB 1.

Uzuri ni kwamba zana za kubania zipo, na zimetengenezwa na watu waliowahi kubanwa kweli. BusyBox ilianzishwa na Bruce Perens mwaka 1995 ili mfumo wa kusakinishia na kuokolea Debian, aina mojawapo ya Linux, utoshe kwenye diski moja laini. Ni faili moja inayojibu kwa majina mengi: ukiiita ls inaorodhesha, ukiiita cp inanakili, na sehemu zinazofanana zinaandikwa mara moja tu. SquashFS inabana mafaili yote na kuyafanya ya kusomwa tu. Juu yake hulala tabaka jembamba la JFFS2 linalopokea mabadiliko. Dropbear inakupa SSH, njia salama ya kuiamuru ruta kutoka mbali, kwa sehemu ndogo ya ukubwa wa OpenSSH. Halafu kuna Image Builder ya OpenWrt, ambayo kwa fundi ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote: unakaa kwenye kompyuta yako, unaitajia pakeji unazozitaka na zile usizozitaka, inakutengenezea faili moja la kupakia kwenye ruta. Unaondoa ppp, itifaki ya kuunganishia laini, kama laini yako haiihitaji. Unaondoa IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, kama mtoa huduma wako hana. Unaondoa ukurasa wa kusimamia na kubaki na SSH. Pakeji iliyoingizwa kwa njia hii inabanwa ndani ya SquashFS, kwa hiyo inakula nafasi ndogo kuliko ile uliyoisakinisha baadaye.

Wanaosema tuendelee kukondesha wana hoja nzito, na mimi nilianzia upande wao. Ya kwanza ni pesa. Mwenye steshenari ukimtajia bei ya ruta mpya, anaigeuza kuwa rimu za karatasi na wino wa mashine ya fotokopi, nawe unamwona usoni akihesabu. Ya pili ni umeme. Kisanduku kama TL-WR841N kinakwenda kwa adapta ndogo ya volti 9, kwa hiyo betri na sola ya kawaida zinakilea siku nzima umeme ukikatika. Ya tatu ndiyo iliyonishika zaidi. Oktoba 2017 ulipotangazwa udhaifu wa WPA2, ulinzi wa Wi-Fi, uliopewa jina la KRACK, LEDE, tawi la OpenWrt la wakati huo, lilitoa toleo lenye marekebisho ndani ya siku mbili. Ruta ya bei ya chini yenye Linux iliyokondeshwa na watu wa kujitolea ilipata tiba mapema kuliko vifaa vingi vilivyoachwa na programu za kiwandani. Sijasahau jambo hilo.

Wanaosema basi, tuache kuzikondesha, nao tuwasikilize bila kuwaita wavivu, kwa sababu wao ndio wanaoshika koleo. Toleo la 21.02 halikunenepa kwa uzembe. Liliingiza WPA3 (ulinzi mpya wa Wi-Fi) na HTTPS ndani ya mfumo wa kawaida, na vyote viwili vinadai maktaba za usimbaji fiche ambazo haziwi nyepesi kwa kutamani. Kila mara kerneli inapopanda toleo, mtu anapaswa kuijaribu kwenye vifaa hivyo, aone imezidi kilobaiti ngapi, atafute cha kukata. Kazi hiyo hailipwi.

Kwenye kerneli yenyewe mambo ni hayohayo. Kulikuwa na SLOB, kigawa kumbukumbu kilichoandikwa kwa ajili ya mashine zenye RAM haba. Mwaka 2023, kwenye toleo la 6.4, kiliondolewa, kwa sababu kutunza vigawa vitatu vya kazi ileile kuliwachosha watunzaji. Walioibana Linux waliachiwa namna ndogo ya SLUB, kigawa kingine, ambayo si nyembamba kama SLOB. Kabla ya hapo, toleo la 3.8 liliacha kuhudumia prosesa za 386, aina ileile ambayo Linus Torvalds aliianzishia Linux mwaka 1991. Alipopokea mabadiliko hayo alisema hana majonzi nayo. Wapo waliokasirika. Mimi namwelewa.

Hata watengenezaji waliwahi kufika kwenye njia panda hii. WRT54G toleo la 5 la mwaka 2005 lilishushwa hadi flashi MB 2 na RAM MB 8, na badala ya kuikondesha Linux zaidi, Linksys waliiacha wakaweka VxWorks, mfumo endeshi mwingine. Waliotaka Linux waliuziwa kifaa kingine, WRT54GL, chenye MB 4 na MB 16.

Jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka nililijua kwa kukosea mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilitengeneza mfumo wa ruta ya 4/32 kwa ajili ya maabara ya kompyuta ya shule moja. Nilikata mpaka ikaenea. Nikaondoa hata opkg, ile programu ya kuongezea pakeji, nikijisifu kwamba haitahitajika tena. Nikaweka, ikawaka, walimu wakafurahi. Mwaka uliofuata nikarudi kubadilisha kitu kidogo tu. Nikaandika df -h, amri ya kuonyesha nafasi iliyobaki: tabaka la mabadiliko lilikuwa limejaa. Nilipofuta faili nililolikuta kwenye mfumo sikupata hata baiti moja, kwa sababu faili la awali liko ndani ya SquashFS, halifutiki. Kulifuta ni kuandika tu alama kwamba lisionekane, na alama yenyewe inahitaji nafasi. Ilibidi kuijenga upya. Na ile orodha ya nilivyovitoa na nilivyoviacha ilikuwa kwenye kompyuta iliyokwisha kuuzwa.

Siku hiyo nilielewa kwamba tulichokikata kwanza, bila kukitaja, ni nafasi ya kutengeneza. Mfumo unaojaza chombo mpaka ukingoni unafanya kazi vizuri sana siku ya kwanza. Kwenye RAM ni vilevile: ukiamuru opkg isome upya orodha za pakeji, orodha zinatua kwenye /tmp, folda ya mafaili ya muda, na /tmp yenyewe ni RAM. Ruta ya MB 32 yenye wateja kadhaa wa Wi-Fi inaweza kuishiwa pumzi hapohapo, kerneli ikaanza kuua programu ili ijiokoe. Pakeji ya zram-swap husaidia kwa kubana yaliyomo kwenye RAM, lakini gharama yake inalipwa na prosesa ambayo nayo ni dhaifu.

Kwa hiyo msimamo wangu unategemea ruta imekaa wapi. Mlangoni, inapokutana na intaneti, siiweki tena 4/32 inayoendeshwa na 19.07, hata ikiwa imetulia miezi bila kuzimika. Mwaka 2018 programu hasidi ya VPNFilter iligunduliwa kwenye vifaa vya mtandao visivyopungua 500,000 katika nchi zisizopungua 54, na vingi vilikuwa ruta ndogo za majumbani na ofisini, zenye programu za zamani na udhaifu uliokwisha kujulikana. Ruta iliyogandishwa kwenye toleo lisilohudumiwa inaingia kwenye kundi hilohilo, hata kama aliyeigandisha ni fundi anayeipenda Linux. Hapo namwambia mteja wazi: hesabu rimu zako, nunua yenye flashi MB 16 na RAM MB 128.

Ndani ya nyumba mambo ni tofauti, na hapa naungana na wakondeshaji kwa moyo wote. TL-MR3020 moja nimeigeuza daraja la printa kwenye steshenari. Nilizima redio, nikatoa fayawoli, Wi-Fi na ukurasa wa kusimamia, nikaongeza dreva ya printa ya USB na p910nd, kiprogramu kidogo kinachopokea kazi kwenye mtandao na kuisukuma kwenye printa. RAM iliyobaki huru ni nyingi kwa kazi yake, na fayawoli ya ruta mpya iliyoko mlangoni haiiruhusu kutoka nje. Printa ya zamani iliyotaka kompyuta iwe inawaka muda wote sasa inachapa kutoka meza zote mbili. Udhaifu wa zamani wa Wi-Fi hauihusu, maana redio haipo kabisa kwenye mfumo wake.

Hizi za 8/64 nazo zimeanza kubanwa, na mjadala huu tutaurudia juu yake. Nimejiandaa kwa njia ndogo. Kila kisanduku ninachokikondesha nakibandika karatasi tumboni: tarehe, toleo, pakeji zilizotolewa, pakeji zilizoongezwa, kilobaiti zilizobaki, na kazi moja kinayoruhusiwa kuifanya. Nakala ya pili inakaa kwenye daftari la duka, pamoja na faili lenyewe ndani ya flashi ya USB iliyofungwa kwa mpira kwenye jalada. Fundi atakayekuja baada yangu akikifungua, ataanzia hapo.