Msamaha wa ovataimu una tarehe ya kuisha

Rais Trump alipotia saini sheria yake kubwa ya kodi tarehe 4 Julai 2025, sisi tunaohudumia wazee huku Marekani tulijazana furaha kwenye magrupu ya WhatsApp: ovataimu haikatwi kodi tena! Mtu anayeunganisha zamu mbili, anageuza wagonjwa na kubadilisha shuka mpaka alfajiri, ana kila sababu ya kushangilia. Ila sheria hii ukiifuata kwa tarehe zake, shangwe inapungua.

Tuanze na hiyo ovataimu. Kinachosamehewa ni ile nyongeza tu, si malipo yote. Kama saa ya kawaida unalipwa dola 20 na ya ovataimu 30, zilizosalimika ni 10. Ukipiga saa 500 za ovataimu kwa mwaka, dola 5,000 zinatolewa kwenye pato linalotozwa kodi. Kwa aliye kwenye kiwango cha kodi cha asilimia 12, nafuu ni dola 600. Makato ya Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya wazee) yako palepale. Na yule ambaye pato lake ni dogo hata hakuwa akidaiwa kodi ya mapato, hapati kitu. Dola 600 sizidharau, wengi wetu hiyo ni karo ya mdogo wetu nyumbani. Lakini nafuu yenyewe inakoma mwishoni mwa 2028, sawa na ile ya bakshishi za wahudumu wa mikahawa.

Kampuni inayonunua mitambo, kwa upande wake, inaruhusiwa kukata gharama yote kwenye hesabu za kodi mwaka uleule, na ruhusa hiyo ni ya kudumu. Kuanzia 2026 mirathi ya hadi dola milioni 15 haiguswi na kodi ya serikali kuu. Hilo nalo ni la kudumu. Anayekesha na mgonjwa kapewa miaka minne, anayerithi mamilioni hakuwekewa mwisho. Siamini kwamba walioitunga sheria walipitiwa tu.

Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani inakadiria sheria itaongeza nakisi ya bajeti ya serikali kwa dola trilioni 3.4 ndani ya miaka kumi. Kwa hesabu zake, asilimia 10 ya kaya za chini kabisa zitapoteza kama dola 1,200 kwa mwaka, na asilimia 10 za juu zitapata kama 13,600. Watetezi wanasema uchumi utakua na kuziba pengo. Walisema hivyohivyo 2017, kodi ya kampuni iliposhushwa kutoka asilimia 35 hadi 21. Uwekezaji uliongezeka kweli, lakini kodi iliyopotea haikurudi yote.

Kaya za chini zinaumia kwa sababu Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na msaada wa chakula vimepunguzwa, na hapa ndipo wenzangu hawajatazama. Medicaid si bima ya maskini tu, ndiyo inayolipa sehemu kubwa ya mishahara yetu. Kumhudumia mzee nyumbani kwake ni huduma ambayo jimbo halilazimishwi na Washington kuigharamia. Fedha zikibana, ni rahisi kukatwa. Saa za kazi zikipunguzwa, hiyo ovataimu isiyo na kodi utaipata wapi?

Kuhusu ushuru wa asilimia 1 ambao sheria hii imeweka kwa pesa tunazotuma nyumbani, kelele zilizidi. Unawagusa wanaotuma kwa fedha taslimu tangu Januari 2026; ukitumia akaunti ya benki au kadi ya benki ya Marekani, hulipi. Wa kuhurumiwa ni mkimbizi aliyefika juzi kutoka Kongo, hana akaunti, na sheria hiihii imemwondolea msaada wa chakula.

Tarehe nyingine: majimbo yana hadi 1 Januari 2027 kuanza kudai saa 80 za kazi kwa mwezi kutoka kwa watu wazima wengi ili wabaki kwenye Medicaid. Uchaguzi wa Bunge ni Novemba 2026, kabla ya tarehe hiyo.