Kuhesabu Miaka ya Biblia: Tunaweza Kurudi Nyuma Hadi Wapi?

Mwaka 1650 James Ussher, askofu mkuu wa Armagh kule Ireland, alichapisha kitabu kikubwa cha Kilatini ambamo aliupa uumbaji tarehe yake: usiku wa kuamkia 23 Oktoba, mwaka 4004 KK. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 18 miaka yake ikawa inachapwa pembezoni mwa Biblia za Kiingereza, na wasomaji wengi wakaizoea kana kwamba ni sehemu ya Andiko. Siku hizi jina lake hutajwa zaidi kwa dhihaka, na kwa maoni yangu wanaomdhihaki wanamwonea. Kepler, bingwa wa elimu ya nyota, alihangaika na hesabu hiyo hiyo. Newton naye vilevile. Wayahudi walikuwa wameshaifanya karne nyingi kabla yao wakafikia 3761 KK, mwaka ambao kalenda yao inaanzia mpaka leo. Wakristo wa Byzantium walifikia 5509 KK, na Urusi iliandika miaka yake kwa hesabu hiyo hadi Tsar Petro wa Kwanza alipoiondoa mwishoni mwa 1699.

Watu hawa wote walimcha Mungu, walikuwa na Andiko mkononi, na walijua kujumlisha. Mbona basi wanaachana kwa zaidi ya miaka 1,700?

Wapo wanaojibu kwamba hesabu ipo, ni suala la uangalifu tu. Mwanzo 5 na 11 zinataja umri wa kila baba alipomzaa mwanawe. Kutoka 12:40 inataja miaka 430, 1 Wafalme 6:1 inataja 480, kisha vitabu vya Wafalme vinataja miaka ya kila mtawala. Unganisha, utapata mnyororo kutoka Adamu hadi uhamisho wa Babeli. Wengine wanajibu kwamba waandishi hawakuwa wakitunga kalenda. Walikuwa wakionyesha ukoo na ahadi, na namba kama 40 zinazojirudia kila mara si za kushikiliwa kwa vidole. Nadhani pande zote mbili zina haki, ila kila mmoja una haki katika sehemu yake ya Biblia. Kosa ni kuzichukua namba zote kana kwamba zina uzito mmoja. Ndiyo maana naona heri kuanzia mwisho na kurudi nyuma, kutoka mahali ambapo ardhi ni imara.

Mahali hapo ni siku ambayo Nebukadneza aliutwaa Yerusalemu kwa mara ya kwanza na kumchukua mfalme Yehoyakini. Kumbukumbu za Babeli zilizoandikwa kwenye mabamba ya udongo zinataja siku yenyewe, tarehe 2 mwezi wa Adari, mwaka wa saba wa Nebukadneza, ambayo kwetu ni 16 Machi 597 KK. Sasa fungua Biblia. Yeremia 52:28 inasema mwaka wa saba. 2 Wafalme 24:12 inasema mwaka wa nane. Mtu anayetafuta makosa atashangilia. Lakini waandishi hawa wawili wanazungumzia tukio moja kwa namna mbili za kuhesabu enzi. Mmoja haihesabu miezi iliyobaki ya mwaka ambao mfalme alitawazwa. Mwingine anaihesabu kama mwaka wa kwanza. Namna hizi mbili zinaendelea hadi kuteketezwa kwa mji, ambako Yeremia 52:29 inataja mwaka wa 18 na 2 Wafalme 25:8 mwaka wa 19. Wataalamu hadi sasa wanabishana kama mji ulianguka 587 au 586 KK, na ubishi wenyewe ni wa mwaka mmoja. Kwa tukio la miaka 2,600 iliyopita, huo ni usahihi mkubwa mno.

Turudi nyuma zaidi, kwenye wafalme wa Yuda na Israeli, kwa sababu hapa ndipo hoja za pande zote mbili zinapojaribiwa vizuri kuliko mahali pengine popote. Yehu aliwaua Yoramu wa Israeli na Ahazia wa Yuda kwa pamoja (2 Wafalme 9), hivyo falme zote mbili zilipata watawala wapya wakati mmoja: Yehu kaskazini, Athalia kusini. Samaria, mji mkuu wa Israeli, ilianguka mwaka wa tisa wa Hoshea, ambao ni wa sita wa Hezekia. Tuna mwanzo mmoja na mwisho mmoja. Jumlisha Yuda: Athalia 6, Yoashi 40, Amazia 29, Uzia 52, Yothamu 16, Ahazi 16, Hezekia 6. Ni miaka 165. Jumlisha Israeli kutoka Yehu hadi Hoshea: miaka 143 na miezi 7. Kipindi ni kile kile, tofauti ni zaidi ya miaka 20.

Waashuri wanaongeza ugumu. Wao waliupa kila mwaka jina la ofisa mmoja wakatunza orodha ya majina hayo, na mwaka mmojawapo waliandika kwamba jua lilipatwa. Wataalamu wa elimu ya nyota wamelitambua tukio hilo kuwa la 15 Juni 763 KK, na kwa hilo orodha nzima ikapata nanga. Kwa orodha hiyo, Yehu alimlipa ushuru Shalmanesa wa Tatu, mfalme wa Ashuru, mwaka 841 KK, na Samaria ilianguka karibu na 722. Ni miaka kama 120 tu. Jumla ya Yuda imezidi, na ya Israeli pia imezidi.

Je, Andiko limekosea? Wengi waliamini hivyo hadi Edwin Thiele, mtafiti Msabato, alipochapisha kazi yake mwaka 1951. Alionyesha kwamba falme hizi hazikuhesabu enzi kwa namna moja siku zote, na kwamba mara nyingi mwana alianza kuhesabiwa miaka yake baba akiwa bado hai. Hili la pili Biblia yenyewe inalisema: Uzia alipopata ukoma alikaa katika nyumba ya pekee, na Yothamu mwanawe akawa ndiye anayewahukumu watu (2 Wafalme 15:5). Miaka hiyo imehesabiwa mara mbili, kwa baba na kwa mwana. Mfano unaonishawishi kuliko yote ni mdogo. Shalmanesa anamtaja Ahabu katika vita vya Qarqar, 853 KK; miaka 12 baadaye, 841, anamtaja Yehu. Katikati ya Ahabu na Yehu, Biblia inaweka Ahazia miaka 2 na Yoramu 12, yaani 14. Ukijua kwamba kaskazini wakati huo mwaka wa kutawazwa ulihesabiwa pia kama wa mwisho wa aliyetangulia, unatoa mmoja kwa kila mfalme, na zinabaki 12 kamili. Namba iliyobuniwa haiwezi kukubaliana hivi na kumbukumbu za adui.

Wapinzani wa Thiele wana neno la kweli pia. Wanasema kila namba inapogoma, yeye huleta baba na mwana waliotawala pamoja, hata pale ambapo Andiko halisemi. Naye mwenyewe alikwama: 2 Wafalme 18 inasema Hezekia alianza kutawala mwaka wa tatu wa Hoshea, na mwaka wake wa 14 Senakeribu, mfalme wa Ashuru, akaja, jambo lililotokea 701 KK. Kama mwaka wa sita ulikuwa karibu na 722, wa 14 hauwezi kuwa 701. Thiele aliamua kwamba ulinganisho wa Hezekia na Hoshea uliwekwa vibaya na mhariri wa baadaye. Waliomfuata wakamrekebisha kwa kanuni yake mwenyewe: Hezekia alianza pamoja na baba yake karibu na 729, kisha akatawala peke yake kuanzia 715, na miaka 14 imehesabiwa kutoka hapo. Naona jibu lao ni zuri kuliko lake, ingawa nakubali kwamba limejengwa ili litoshe. Hata hivyo, kutoka Sulemani hadi uhamisho tunabishana juu ya miaka michache, na msingi wa namba unasimama.

Kabla ya Sulemani mambo yanabadilika. 1 Wafalme 6:1 inaweka miaka 480 kati ya Kutoka, yaani Israeli walipotoka Misri, na mwaka wa nne wa Sulemani. Hekalu likianzwa karibu na 967 KK, Kutoka kunaangukia katikati ya miaka ya 1440. Yeftha anaunga mkono anaposema Israeli wamekaa miaka 300 ng'ambo ya Yordani (Waamuzi 11:26). Lakini Kutoka 1:11 inataja mji wa Ramesesi, na farao mkuu wa jina hilo alitawala 1279 hadi 1213 KK, ndiyo maana wengi wanaleta Kutoka hadi karne ya 13. Hawawezi kuleta chini zaidi, kwa kuwa nguzo ya farao Merneptah, ya karibu na 1208, inawataja Israeli wakiwa tayari Kanaani. Ukijumlisha miaka ya kitabu cha Waamuzi mmoja baada ya mwingine unapata 410. Ongeza 40 ya jangwani, 40 ya Eli, 40 ya Daudi na minne ya Sulemani, ni 534, na bado hujamweka Yoshua, Samweli wala Sauli. Kwa hiyo hata anayeshika 480 neno kwa neno analazimika kukubali kwamba waamuzi wengine walikuwa wa wakati mmoja katika sehemu mbalimbali za nchi. Waamuzi 10:7 inampa sababu: Wafilisti na wana wa Amoni walionea kwa pamoja. Mimi naegemea karne ya 15, lakini siwezi kumlaumu anayeegemea ya 13.

Miaka 430 ina mzozo wake. Kutoka 12:40 katika Kiebrania inasema ni ya kukaa Misri. Septuaginta (tafsiri ya kale ya Kigiriki) na Torati ya Wasamaria (nakala yao ya vitabu vitano vya Musa) zinasema Misri na Kanaani pamoja, na Paulo katika Wagalatia 3:17 anaihesabu kutoka ahadi hadi torati. Kohathi, babu ya Musa, alikuwamo kati ya walioingia Misri. Aliishi miaka 133, Amramu 137, na Musa alikuwa na 80 alipotoka. Hata kila mmoja angezaliwa siku ya kifo cha baba yake, jumla ni 350. Tangu Abramu akiwa na miaka 75 hadi Yakobo alipoingia Misri ni miaka 215, nusu kamili ya 430, na nusu nyingine inatosha vizuri kwa Kohathi na Amramu. Anayepinga atauliza watu wachache wale waliwezaje kuwa wanaume 600,000 kwa miaka 215, na atakumbusha miaka 400 ya Mwanzo 15:13. Ni maswali mazito.

Kisha Mwanzo 5 na 11. Wapo wanaosema vizazi hivi vimeruka majina, kama Mathayo 1:8 inavyowaruka wafalme watatu kati ya Yoramu na Uzia. Hoja hiyo ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Mwanzo 5 haitoi majina tu, inatoa umri wa kila mmoja kizazi kilichofuata kilipozaliwa, hivyo hata jina likirukwa miaka haipungui. Tena Yuda 14 inamwita Henoko wa saba baada ya Adamu. Ugumu halisi uko kwenye nakala za Andiko. Kiebrania cha Kimasora, yaani nakala iliyotunzwa na wanazuoni wa Kiyahudi, kinatoa miaka 1,656 kutoka Adamu hadi gharika, Torati ya Wasamaria 1,307, Septuaginta 2,242 au 2,262 kulingana na nakala. Katika Septuaginta mababu wengi wameongezewa miaka 100 kabla ya kuzaa na kupunguziwa 100 baadaye, ili umri wote ubaki ule ule. Mtu fulani alifanya hivyo kwa makusudi, au upande wa pili ulipunguza kwa makusudi. Nakala za Septuaginta zenye 2,242 zinamwacha Methusela hai miaka 14 baada ya gharika, jambo ambalo Augustino alilijadili zamani, na hilo ni alama mbaya kwa namba zake. Lakini Kimasora nacho, Tera akihesabiwa alimzaa Abramu akiwa na miaka 70, kinamfanya Nuhu afe Abramu akiwa na miaka 58, na Shemu amzidi Abrahamu kuishi kwa miaka 35. Mwanzo haina hata dokezo la hilo. Na Luka 3:36 inamtaja Kenani baada ya gharika, jina ambalo Kiebrania hakina na Septuaginta inalo.

Jambo moja linanizuia kusema Mungu alikusudia tujumlishe sura hizi: Andiko, ambalo linatupa jumla iliyo tayari kwa safari ya Misri na kwa muda wa Kutoka hadi Hekalu, halitoi popote jumla kutoka Adamu hadi gharika wala kutoka gharika hadi Abrahamu.

Ussher hakuwa na hadhari hiyo. Ili afike 4004 alichagua Kimasora, akamfanya Tera kuwa na miaka 130 Abramu alipozaliwa (205 ya kifo chake kutoa 75, kwa ushahidi wa Matendo 7:4), akaigawa 430 kati ya Kanaani na Misri, akachukua 480 bila kuuliza. Kila uamuzi una hoja nzuri nyuma yake. Lakini Hekalu kwake lilianza 1012 KK, miaka kama 45 mapema mno, kwa sababu orodha za Waashuri zilianza kusomwa karne mbili baada yake. Ukirekebisha hapo tu na kumwachia mengine yote, mwaka wake wa uumbaji unasogea hadi karibu na 3959 KK.