Fulana ya kuzuia risasi kwa wanawake: tatizo ni mshono au ni kipimo?

Mwaka 2012 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilianza kuwajaribishia askari wanawake wa Divisheni ya 101, kambini Fort Campbell, fulana ya kuzuia risasi iliyokatwa kwa ajili yao: fupi kiwiliwili, nyembamba mabegani na yenye nafasi kifuani. Ile ya awali ilikuwa ndefu mno. Askari akiketi garini, ukingo wa chini uligota mapajani na fulana nzima ikapanda hadi kooni, na alipolenga, kitako cha bunduki hakikupata pa kukaa begani.

Wapo wasioona haja ya fulana ya kike, na hoja yao si ya kubezwa: aina zikiongezeka ghala huwa gumu kuendesha, na mwanamume mwenye mwili mdogo naye hutaabika vilevile, kwa hiyo dawa ni saizi nyingi kwa wote. Kwa fulana za kijeshi zenye mabamba magumu ninakubaliana nao kwa kiasi kikubwa, kwani hapo urefu na upana ndio huleta kero kuliko matiti.

Fulana laini ya polisi ni jambo jingine. Hiyo ni tabaka nyingi za nyuzi kama Kevlar (iliyotokana na kazi ya mwanamke, mkemia Stephanie Kwolek, mwaka 1965), na ili ikae kifuani hukunjwa au hukatwa na kushonwa, kama fundi cherehani anavyobana gauni. Ikiachwa bapa huacha uwazi karibu na kwapa. Ikishonwa, mshono wenyewe unaweza kuwa mahali dhaifu.

Kwa sababu hiyo naona upimaji ni swali zito kuliko ukataji. Kwa miaka mingi, kwa kiwango cha NIJ, taasisi ya serikali ya Marekani inayoweka viwango vya fulana za polisi, fulana iliwekwa mbele ya udongo laini uliosawazishwa, uliosimama badala ya mwili, ikapigwa risasi, na bonyeo lililobaki kwenye udongo huo halikutakiwa kuzidi kina cha milimita 44. Fulana yenye umbo la kifua haigusani na udongo bapa kote, hivyo kipimo hicho hakikuisema vizuri. Kiwango kipya cha NIJ, 0101.07, kilichotolewa mwaka 2023, kinataka udongo ujazwe nyuma ya umbo hilo na risasi zipigwe papo hapo penye umbo. Hayo ni maendeleo ya kweli, ila milimita 44 zingali pale pale, nazo zilitokana na majaribio ya miaka ya 1970 yaliyofanywa kwa mbuzi.