Mchanga Uliopanda Gari

Baba mkwe wangu alifundisha Jiografia mpaka akastaafu, ila Jiografia yenyewe haijamstaafu. Pale Bonde la Olduvai mwongoza watalii alikuwa akianza sentensi, mzee anaimalizia.

"Matabaka yale, mwanangu, mengi ni ya Plaistosini. Enzi iliyoanza miaka milioni 2.6 iliyopita! Majivu ya volkano, matope ya ziwa, vimepangana kama chapati."

Akaeleza jinsi mtafiti Mary Leakey alivyoliona fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, mwaka 1959. "Lina miaka kama milioni 1.75, na meno bado linayo." Akanitazama mdomoni. Nikaufumba. Pengo langu ni la muwa wa mwaka juzi.

Tukaenda kwenye Mchanga Unaohama. Ni tuta jeusi lenye umbo la mwezi mwandamo, liko peke yake uwandani. Ni majivu yaliyotoka mlima Ol Doinyo Lengai, na upepo huyasukuma kama mita 17 kwa mwaka. Vigingi vimesimikwa kuonyesha lilikokuwa zamani. Halisambaratiki kwa sababu chembe zake zina chuma, zinang'ang'aniana kama sumaku.

"Rusheni juu muone," akasema mwongoza watalii.

Mzee akanipa simu yake nimrekodi akirusha. Nikamrekodi vizuri. "Sasa wewe," akasema. Mimi ambaye tangu siku ya mahari natafuta namna ya kumfurahisha, nikailaza simu juu ya mchanga ili nipate mikono yote miwili. Neno "sumaku" lilikuwa limetamkwa dakika mbili tu kabla.

Nikarusha. Mchanga ukapanda, ukashuka umeshikamana. Mzee akapiga makofi! Miaka minne nikiwa mkwe, hayo ndiyo ya kwanza.

Kuokota simu, imeota ndevu.

Ndani ya spika ya simu mna sumaku. Hilo nalijua, naliishi, ila siku ile lilinitoka. Nikapuliza, ndevu zikazama ndani. Nikafuta kwa shati, zikahamia upande wa pili. Nikamrudishia mzee simu yake huku nikisifia mandhari.

Tukiwa garini mama mkwe akapiga. Mlio wa kwaya ukatoka kama nyuki kwenye chupa. "Haloo!" Zzzzz. "HALOO! ONGEA!" Zzzzz. Mzee akafoka mpaka dereva akapunguza mwendo. Mara simu yangu ikaita.

"Mwanangu, huyo mzee ananifokea nini? Mmempa pombe?"

"Hapana mama. Ni Plaistosini."

"Ndiyo bia gani hiyo?"

"Si bia, mama. Ni mchanga, umeingia kwenye..."

"Mchanga gani?" akauliza mzee nyuma yangu, polepole.

Nikakiri. Alichonisahihisha kwanza ni enzi: "Plaistosini ni kule bondeni. Majivu ya Lengai ni ya juzi tu." Kisha akanyamaza mpaka Karatu, na mwalimu akinyamaza ujue anasahihisha.

Fundi simu alifungua spika, akanasa ule mchanga kwa selotepu, akataka kuutupa.

"Usitupe!" mzee akamshika mkono. "Upepo unausogeza mita 17 kwa mwaka. Mkwe wangu kaufikisha Karatu kwa mchana mmoja. Nifungie kwenye karatasi, tutaurudisha kwao."

Kiingilio, akasema, nitalipa mimi.