Unene uliopitiliza: ni ugonjwa, ila mizani peke yake haitoshi kusema hivyo

Juni 2013, Chama cha Madaktari cha Marekani kilipiga kura kuutambua unene uliopitiliza kuwa ugonjwa. Wengi wanaoinukuu kura hiyo hawasemi kwamba baraza la sayansi la chama hichohicho lilikuwa limeshauri vingine: BMI, yaani kilo za mtu zikigawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ni kipimo dhaifu mno kumtenga mgonjwa na mzima. Ubishi huo haujaisha, na kila upande una ukweli wake.

Wanaouita ugonjwa wana ushahidi mzito. Mwaka 1994 maabara ya mtafiti Jeffrey Friedman ilitangaza kuigundua jeni ya leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kuwa akiba ipo. Mafuta yakipungua, leptini hushuka, njaa hupanda, na mwili huanza kubana matumizi. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya kufuatilia watu 14 waliowahi kushindana kupunguza uzito kwenye televisheni ya Marekani. Miaka sita baada ya shindano, wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao. Ajabu ni kwamba miili yao, hata ikiwa imepumzika, bado ilichoma wastani wa kilokalori 500 hivi pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba tatizo lake ni uvivu.

Dawa nazo zinaelekeza hukohuko. Katika jaribio kubwa la semaglutide, dawa ya kupunguza uzito, lililochapishwa 2021, waliochomwa sindano hiyo kila wiki walipungua karibu asilimia 15 ya uzito. Walipoiacha, ndani ya mwaka mmoja walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza. Ndivyo ilivyo pia kwa presha: ukiacha vidonge, inapanda.

Sasa tazama upande wa pili. Mtu wa kilo 95 mwenye urefu wa mita 1.75 ana BMI ya 31, na mstari wa unene uliopitiliza kwa watu wazima huanzia 30. Anaweza kuwa mnyanyua vyuma mwenye misuli mitupu. Anaweza pia kuwa mtu mwenye mafuta yaliyojaa tumboni na kwenye ini, anayekoroma na kukatikiwa pumzi usingizini. Hesabu haiwatofautishi. Tena mwingine ana BMI ya 27 na kisukari tayari. Ukitegemea namba hiyo tu, utampa mzima jina la mgonjwa na kumwacha mgonjwa aende zake.

Kuna hofu nyingine, kwamba neno ugonjwa litawafanya watu wakate tamaa ya kula vizuri na kufanya mazoezi. Hii sioni uzito wake. Mwenye kisukari haambiwi aache mazoezi kwa sababu ana ugonjwa. Hofu ya kampuni za dawa kutafuta soko ina mashiko zaidi.

Januari 2025 jopo la wataalamu chini ya jarida la Lancet Diabetes & Endocrinology lilipendekeza njia ya kati. Kwanza mafuta yathibitishwe kwa kupima kiuno au kwa kipimo cha moja kwa moja. Kisha wenye viungo vilivyokwisha kuathirika, au wanaoshindwa shughuli za kila siku kwa sababu ya unene, wahesabiwe kuwa wagonjwa. Wenye mafuta mengi lakini viungo vizima wawe kundi la hatari, wafuatiliwe.

Naukubali mgawanyo huo kuliko kura ya 2013, maana unamlazimu daktari amchunguze mtu mwenyewe. Kasoro yake iko kwa anayelipa. Jopo halikukataza kundi la hatari kutibiwa, lakini bima inayotafuta pa kubania inaweza kulisoma pendekezo hilo kana kwamba mtu asubiri ini au moyo uharibike ndipo agharimiwe. Presha hutibiwa kabla ya kiharusi, na sijasikia hoja ya kitabibu ya kuufanya unene uwe tofauti.