Lugha ya kwanza darasani: ipewe kazi gani?

Maximilian Berlitz alifungua shule yake ya lugha mjini Providence, Marekani, mwaka 1878, na utaratibu uliokuja kujulikana kwa jina lake ni kufundisha kwa lugha lengwa tupu, yaani ile inayofundishwa, bila tafsiri ya lugha ya kwanza ya mwanafunzi. Hoja ya utaratibu huo ingali na nguvu. Mwanafunzi mwenye vipindi 3 vya dakika 40 kwa wiki ana saa 2 tu za kuisikia lugha anayojifunza, na pengine haisikii kwingine. Tena akishazoea kwamba tafsiri itafuata, huacha kusikiliza sentensi ya kwanza akaingoja ya pili.

Lakini mchukue mgeni anayejifunza Kiswahili. Anaelezwa, kwa Kiswahili, kwamba "-me-" ni kiambishi cha hali timilifu. Hajui "kiambishi" wala "timilifu", basi anabahatisha: "-me-" ni jambo lililokwisha. Akimwona mtoto yuko usingizini atasema "analala", maana kwake "amelala" ni mtoto aliyekwisha kuamka. Sentensi moja ya lugha yake ingetosha: kwa vitenzi kama kulala, kukaa, kusimama na kuchoka, "-me-" hutaja hali aliyo nayo mtu sasa. Muda unaookolewa hapo utumike kuzungumza Kiswahili.

Kinachosikitisha ni kwamba walimu wengi hugawa kazi kinyume. Sarufi huieleza kwa lugha lengwa, kisha wakitaka kuagiza, kukemea, kusifu au kupanga vikundi hurudi kwenye lugha ya kwanza. Hayo ndiyo mazungumzo ya kweli ya darasani! Yanajirudia kila siku, na vitendo vyenyewe vinayafafanua. Maagizo 15, yakisemwa kwa maneno yale yale kila kipindi, baada ya wiki chache hayahitaji tafsiri.

Kwa neno la dhahania, kama "dhamiri", toa sentensi katika lugha lengwa, taja maana kwa sauti ya chini, kisha irudie sentensi ileile. Usiishie kwenye tafsiri, kwani ndiyo itakayobaki masikioni.

Darasa lenye lugha za kwanza nyingi halifai kutafsiriwa na mwalimu, kwa kuwa baadhi wataachwa nje. Wanaoelewana walinganishe walichoelewa kwa dakika 2, ndipo wajibu kwa lugha lengwa. Na badala ya kuuliza "mmeelewa?", swali ambalo karibu kila mara hujibiwa "ndiyo", mwombe mmoja alieleze agizo kwa lugha yake mwenyewe. Alipokosea patajitokeza kabla kazi haijaanza.