Muhuri wa kitaifa tunautaka, ila maabara iko wapi?

Wiki iliyopita mdogo wangu kanipigia simu usiku ana furaha kweli, anasema "kaka shikamoo, chuo chetu kinaomba kutambulika kitaifa kwenye masomo ya usalama wa taarifa, tukifanikiwa vyeti vyetu vitakuwa na uzito". Yuko mwaka wa pili, chuo kiko huku huku Arusha na jina naliacha. Nikamwitikia marahaba halafu nikamuuliza kitu kimoja tu, dogo, mazoezi mnafanyia wapi? Akanyamaza kidogo. "Tunatumia laptop zetu kaka, ambao hawana tunakaa watatu watatu, na ile ruta mwalimu alituonesha mbele ya darasa."

Hilo jibu limenikaa kichwani wiki nzima.

Mi ni mtu wa aiti kwenye kampuni ya utalii, mwaka wa tisa sasa, na kilichonifanya niumie ni jambo lililotupata msimu mmoja mwezi wa sita. Familia ya wageni sita walilipa dipoziti, hela haikuingia, tukawaandikia, wakatutumia risiti ya benki, kuangalia namba ya akaunti siyo yetu. Kumbe mwizi alikaa ndani ya imeili ya dada wa rizavesheni wiki kadhaa, hafanyi fujo yoyote, anasoma tu, kapanga barua za wageni zihamie zenyewe kwenye folda ambayo dada wa watu haifungui kabisa, halafu siku invoisi ilipotoka akaituma upya na nembo yetu, sahihi yetu, namba ya akaunti ya kwake. Waliopo kwenye utalii hapa mjini wanajua hii siyo hadithi ya ofisi moja. Yule dada alilia siku nzima akidhani atafukuzwa, na kosa lake lilikuwa kubonyeza linki moja tu asubuhi yenye kazi nyingi.

Siku hizo tulikuwa na kijana wa fildi anayesomea haya haya mambo. Alikuwa anajua usiri, uadilifu wa data na upatikanaji, anakutajia aina zote za vairasi bila kukosea. Nikamwambia fungua logi, yaani zile kumbukumbu mfumo unazojiandikia wenyewe, za kuingia kwenye imeili tuone mtu kaingia saa ngapi na kutoka wapi. Akaniangalia. Hajawahi kuona logi maishani mwake, miaka miwili na nusu darasani. Mi simlaumu hata kidogo, tulikaa naye mpaka saa tatu usiku nikamuonesha mstari kwa mstari, na usiku ule mmoja alijifunza haraka kuliko nilivyotegemea maana kichwa anacho.

Sasa watu wanasema maabara ni anasa, jamani hapana, na hapa ndo nataka nieleweke. Kijana anayesomea usalama lazima ajifunze jinsi mwizi anavyoingia, huwezi kufundisha kufuli bila kugusa kufuli, na asipokuwa na mahali pake pa kujaribia atajaribu kwa jirani, atajaribu waifai ya hosteli, atajaribu mfumo wa matokeo wa chuo. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haiangalii kama wewe ni mwanafunzi, kuingia tu kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni faini isiyopungua milioni 3 au jela isiyopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Yaani chuo kisichokuwa na maabara kinamsukuma mtoto wa watu kwenye kosa la jinai ndo apate ujuzi.

Na wala siyo mabilioni. Kompyuta moja yenye memori ya kutosha inabeba ndani yake kompyuta pepe kumi, yaani kompyuta za programu tu zinazofanya kazi kama za kweli, moja unaiacha na matundu makusudi, nyingine unaiwekea ulinzi, mtandao wake haujaungwa na intaneti kabisa, wanafunzi nusu wanashambulia nusu wanalinda, wakiharibu mnairudisha ilivyokuwa kwa dakika chache mnaanza upya. Kila wiki. Mtu akipita hapo mihula miwili, ukimpa logi hakuangalii machoni.

Nimekuwa nafuatilia Marekani wanafanyaje maana wao hili la kuvitambua vyuo wameanza siku nyingi. Shirika lao la usalama, NSA, mwaka 1999 lilitambua vyuo 7 vya kwanza kuwa vituo vya ubora kwenye haya masomo, na kilichonifurahisha ni kwamba ndani ya hivyo 7 viwili vilitoka Idaho, jimbo la mashamba linalojulikana kwa viazi, siyo New York wala mji mkuu. Kwahiyo anayesema haya mambo ni ya Dar na Dodoma aangalie hapo. Leo vituo vyao vinapita 400. Ila hawagawi kama peremende, chuo lazima kiwe kimeshatoa wahitimu kwenye hiyo programu, mazoezi kwa vitendo yaonekane, chenyewe kiwe na mpango wa kulinda mifumo yake, kioneshe kinaisaidia jamii inayokizunguka, na baada ya miaka 5 unaomba tena upya. Hiyo ya kulinda mifumo yake mwenyewe mi naipenda sana, maana utafundishaje usalama wakati pasiwedi ya waifai ya ofisi ya mkuu wa idara imebandikwa ukutani.

Hapa kwetu wengi wanachanganya huku kutambulika na ithibati ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Ithibati ni ruhusa ya kufundisha, kila chuo kikuu lazima iwepo, haikwambii nani anafundisha vizuri kuliko mwingine.

Kuna ndugu mmoja tulibishana naye pale Njiro, akasema wewe unageuza mambo, wapate kwanza muhuri ndo hela za maabara zitakuja. Ana hoja, sikatai. Huko Marekani kutambulika kunafungua milango, kuna ufadhili wa serikali unamlipia mwanafunzi ada halafu akimaliza anaitumikia serikali kwa muda unaolingana na miaka aliyofadhiliwa, na kitu kama hicho kingewafaa sana watoto wetu wanaosubiri bumu kila muhula. Ndo maana nataka chuo cha mdogo wangu kipate, nataka kweli. Ila muhuri ukija kabla ya maabara, hiyo maabara nani atakuwa na haraka ya kuijenga?

Na Arusha tuna sababu kuliko miji mingi. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapa, mahoteli yana kopi za pasipoti za dunia nzima kwenye makabati na kompyuta zisizo na ulinzi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tangu Mei 2023, inawabana wote hao. Achana na wakubwa, nenda soko la Kilombero uulize akina mama wangapi wamepokea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", halafu uulize wangapi wanajua unaipeleka meseji kama hiyo 15040, namba ya kuripoti matapeli, bure. Wanafunzi hamsini, Jumamosi moja, wanapita meza kwa meza. Mama wa nyanya akiacha kutapeliwa laki moja kwa sababu ya chuo, hata mimi nitakisainia barua.

Bosi nimeshaongea naye, fildi ya mwezi wa saba tunachukua wanafunzi wawili kutoka chuo hicho, watakaa kwenye logi siyo kwenye kutoa fotokopi. Na nimemwambia dogo amfikishie mwalimu wake, kwamba tuna seva moja ya zamani imekaa stoo inafanya kazi vizuri, waje waichukue.